Mwanangu, kuhusu hiyo bayolojia yako

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unaniuliza, mama, hii bayolojia itanifikisha wapi, baba mdogo kila nikirudi ananiuliza kama nitakuwa daktari na nikisema hapana ananyamaza, nibadilishe kozi? Nimeona niandike maana kwenye simu ungenikatiza.

Uchovu wako naujua. Mwaka wa kwanza ni majina ya Kilatini, kemia, takwimu, unakariri mpaka unasahau ulipendea nini, na wengi wanakata tamaa hapo hapo kabla hawajaiona bayolojia yenyewe.

Unakumbuka ngozi ya kitunguu? Ulikuwa form two, nikakupeleka maabara Jumamosi, ukabandua kale kangozi ka ndani, ukadondoshea iodini, ukainamia hadubini ukakaa kimya mpaka nikaingiwa na wasiwasi, halafu ukasema mama kumbe kuna vyumba. Nimefundisha miaka 22, wanafunzi wa kukaa kimya vile ni wachache sana mwanangu.

Sasa hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, ulipo ulizia habari za chura wa Kihansi. Kachura ka njano, hakafiki hata sentimita tatu, hakatagi mayai, kanazaa watoto. Kaligunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa, ila mradi wa bwawa la umeme ulikuwa unaendelea, na 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ile rasharasha waliyokuwa wanaishi ndani yake ikapungua sana, baadaye ukaingia na ugonjwa wa kuvu, 2009 wakatangazwa hawapo tena porini. Lakini 499 walikuwa wameshapelekwa Marekani kulelewa. Na huko nako walikufa, walikufa kweli, mwishoni mwa 2004 walikuwa hawafiki hata 70, mpaka watu walipokaa wakawaangalia wakajua wanataka nini hasa, ndo wakaanza kuzaana, na 2010 wakarudishwa 100 hapo hapo chuoni kwenu. Hakuna daktari wa watu angeiweza hiyo kazi. Hiyo ndo bayolojia, na ndo kilekile ulichofanya na kitunguu.

Kuhusu ajira sitakudanganya, ni ngumu, cheti peke yake hakitakubeba. Anza sasa hivi kuomba fildi kwenye taasisi za utafiti, TAWIRI ya wanyamapori kama unapenda wanyama, NIMR au ile ya afya ya Ifakara kama ni mbu na magonjwa, na takwimu usiikimbie hata kama inakutoa machozi, maana anayejua kuhesabu na kusoma data ndo anaitwa tena.

Nenda fildi kwanza. Ukirudi moyo bado umekataa niambie, tutatafuta kozi nyingine pamoja na sitakulaumu hata kidogo. Baba yako mdogo niachie mimi, nitaongea naye.

Hela ya mabuti ya mpira natuma Ijumaa, nunua yale marefu yanayofika magotini, na soksi nzito usisahau.

Mama yako