Jibu: Jodari wa Feri na wa Mafia ni kundi moja?

Habari mkuu. Umepima vinasaba vya jodari wa soko la Feri, Dar es Salaam, na wa kisiwa cha Mafia, hukuona tofauti, sasa unauliza kama uwahesabu kundi moja. Usikimbilie hapo. Samaki wachache tu wakihamia upande wa pili na kuzaliana huko kila kizazi, tofauti ya vinasaba hufutika. Lakini upande mmoja ukivuliwa kupita kiasi, wachache hao hawatoshi kuujaza.

Kwanza angalia sampuli zilivuliwa wapi hasa. Pale Feri samaki wa boti tofauti huchanganywa, na wakati wa mnada nani akujibu yupi katoka wapi? Mimi hukata kipande cha pezi botini kabla hawajashushwa, natia kwenye ethanoli ya asilimia 95. Fomalini achana nayo, inaharibu vinasaba.

Na kama umepima vinasaba vya mitokondria pekee (vijisehemu vya seli vinavyorithiwa kwa mama), umeona ukoo wa mama tu. Ongeza vya kiini cha seli, vinavyotoka kwa baba na mama, kwa samaki waliokomaa, msimu wa kuzaa, wakiwa wanakozaliana.