Jibu: Karatasi inayomsaidia mshtakiwa, itolewe au ikae kwenye faili?

Ndugu, umeuliza kama kiongozi wa mashtaka anakosea akiificha karatasi inayomsaidia mshtakiwa, maadamu ameshaamini jamaa ndiye muuaji. Anakosea, na hapo kwenye "ameshaamini" ndipo penye hatari.

Tazama kesi ya Michael Morton wa Texas, Marekani. Mkewe aliuawa nyumbani mwaka 1986. Mtoto wao wa miaka 3 alikuwepo, akamsimulia bibi yake: aliyempiga mama ni "zimwi", na baba hakuwepo. Maneno hayo yalinakiliwa, yakatulia kwenye faili ya wapelelezi. Utetezi haukuyaona. Mwaka 1987 Morton akafungwa maisha, akasota karibu miaka 25, hadi DNA kwenye kitambaa kilichookotwa karibu na nyumba ilipomwonyesha mtu mwingine. Huyo naye, mwaka 1988, Morton akiwa jela, alikuwa ameua mwanamke mwingine. Kwa hiyo ukisikia "tunaficha ili kulinda jamii", kumbuka huyo mama wa pili.

Kiongozi wa mashtaka wa kesi ile, ambaye baadaye alikuwa jaji, alihukumiwa siku 10 jela mwaka 2013. Siku kumi!

Hapa Kenya, Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2008, kwenye kesi ya Cholmondeley, kwamba upande wa mashtaka umpe mshtakiwa mapema kila kitu kinachohusika. Basi usijipe kazi ya kupima uzito wa karatasi. Toa nakala, wakili atie sahihi na tarehe, hakimu aamue.