Uliza Sista: Mama anasema hajambo, punda hasemi kitu

Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 61, ana kansa ya shingo ya kizazi, mionzi kamaliza na sasa tupo nae nyumbani. Tulipewa mofini ya maji, tukaambiwa kila masaa manne. Kila nikimuuliza mama unaumwa, anasema sijambo mwanangu namshukuru Mungu, lakini usiku namkuta kang'ata kanga, jasho linamtoka. Mjomba anasema mofini ni madawa ya kulevya na mtu akianza kupewa ndo safari imefika, kwa iyo tunampa akizidiwa tu. Tunakosea? – Binti, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ndio mnakosea, ila ni kosa ambalo nimelikuta kwenye nyumba nyingi mno na linarekebishika leo leo.

Tuanze na hilo swali lako. Mama wa kiswahili ukimuuliza "unaumwa?" umemsalimia, hujampima. Atakujibu kama anavyojibu salamu, tena wewe ni mwanae, hataki ulie. Badilisha swali. Mwambie mama nioneshe kwa mkono: ngumi iliyofumba maana yake hamna maumivu kabisa, kidole kimoja yapo kidogo, unapanda hivyo hivyo mpaka vidole vitano ambayo ni maumivu makubwa kuliko yote aliyowahi kuyajua. Kipimo hiki cha mkono tunakitumia sana huku Afrika kwenye huduma ya wagonjwa mahututi wa majumbani, hakihitaji kusoma wala karatasi. Muulize kabla ya dozi, muulize tena baada ya saa moja, na muulize anapogeuzwa sio akiwa katulia tu maana kuna maumivu yanangoja ajisogeze. Andika kwenye daftari, saa na vidole, basi. Daktari akiona daftari lile ataamua dozi kwa haraka kuliko ukimwambia "anasumbuka sumbuka".

Na asipoweza kujibu, soma uso. Paji la uso limekunjana, meno yamebana, analinda upande mmoja, anaguna akiguswa. Kanga kung'atwa ni jibu tayari, mama kashakwambia.

Sasa mofini. Ile ya maji inafanya kazi kama masaa manne alafu inakwisha, ndo maana waliwaambia kila masaa manne. Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo huu tangu 1986: dawa kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi kulingana na ukubwa wa maumivu. Mkisubiri azidiwe mnamuacha aumie kwanza ndo mkimbilie chupa, na maumivu yaliyokwisha kupanda yanataka dawa nyingi zaidi kuyashusha. Mpe kwa saa hata kama kwa wakati ule yuko vizuri, yuko vizuri kwa sababu ya dawa. Dozi ya kulala waulizeni waliowapa, mara nyingi huwa inaongezwa ili mgonjwa asiamke usiku wa manane, ila msijiongezee wenyewe.

Mjomba mwambie hivi, kwa heshima. Anayetumia mofini kwa maumivu ya kansa, kwa dozi aliyoandikiwa, haimgeuzi kuwa teja, na haimuwahishi. Uganda hapo jirani, Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, hospisi yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakachanganya unga wa mofini na maji, bei rahisi, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake kijijini, na 2004 sheria ikaruhusu hata manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Watu wamekunywa miezi na miezi huku wanalima na kupika. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu, inapita. Ambayo haipiti ni choo kigumu, kwa iyo ombeni dawa ya kulainisha choo iende sambamba na mofini kila siku, msisubiri afunge. Akiwa haamshiki vizuri na anapumua polepole sana, hapo msimpe dozi nyingine, pigeni simu hospitali au mkimbizeni.

Kuna kingine. Mama mmoja wa Kiingereza, Cicely Saunders, alianza kama nesi akaja kuwa daktari, na 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kule London, ndo aliyetufundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayakai mwilini tu, kuna ya moyo, ya kifamilia, ya imani. Nilishamuuguza mama mmoja, vidole vinne kila usiku, dozi imepandishwa mara mbili lakini wapi, mpaka siku alipotamka kwamba anaogopa kuzikwa mbali na mume wake. Wanae wakakaa nae wakamuahidi. Usiku ule alionesha vidole viwili, sio ngumi, lakini alilala. Muulize mama yako saa tisa usiku anawaza nini, alafu kaa umsikilize, usimkatize na "usiwaze hayo".

Hujambo sista, najua wewe ni wa binadamu lakini ndugu yako ni daktari wa mifugo, nisaidie. Punda wangu hubeba mchanga na matofali. Wiki hii amesimama tu, kichwa chini, majani hali vizuri, na jana alimpiga teke kijana wangu akimwekea shogi. Watu wasema ni uvivu, apigwe. – Mwenye punda, Lamu

Sijambo kaka. Tafadhali sana asipigwe. Nimempigia ndugu yangu kabla sijaandika na alichoniambia kinafanana kabisa na yule mama wa Muheza: punda ni mnyama anayeficha maumivu, kwa asili anayeonesha udhaifu ndo analiwa na simba. Farasi akiumwa tumbo atajigaragaza, punda atasimama tu kimya. Kwa iyo hicho mnachokiita uvivu ndo kilio chake.

Inua shogi, pitisha kiganja mgongoni polepole, uti wa mgongo na mbavuni. Tunasema asante ya punda ni mateke, lakini teke la wakati wa kuwekewa mzigo mara nyingi ni kidonda chini ya gunia. Angalia uso: masikio yameangalia nyuma au pembeni, jicho limefumba nusu, misuli ya taya imekaza. Wanasayansi walianza na panya, wakapima maumivu yao kwa kuangalia uso, mwaka 2010 pale chuo kikuu cha McGill, Kanada, baadae wakaja na vipimo vya farasi, kwa iyo sio mambo ya kubahatisha. Hesabu anavyopumua akiwa kivulini, punda mzima aliyetulia ni kama mara 20 kwa dakika. Angalia kwato pia.

Kutokula ndo kunamtisha zaidi ndugu yangu. Punda akikaa bila kula, mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na yanaweza kumuua hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo, kwa iyo usingoje kesho. Lamu mna zahanati ya punda tangu 1987, mpeleke. Na mpeleke na mwenzake anayelala nae, punda wanashikamana sana, ukimtenga na rafiki yake unamuongezea stresi juu ya maumivu. Dawa ya maumivu apewe na daktari, maana dawa nyingine hutoka mwilini mwa punda haraka kuliko farasi, dozi ya kukisia haimsaidii.

Sista, paka wangu anachechemea, nimpe nusu Panado? – Mama Zuu, Temeke

Usimpe hata robo! Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia au bluu, uso unavimba na anakufa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hapana. Mweke sehemu tulivu yenye giza kidogo, mbali na watoto, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kama ulishampa kabla ya kuniandikia basi nenda sasa hivi, na pakiti uibebe ukamuoneshe amekula kiasi gani na saa ngapi.