Pasaka hufuata mwezi, ila si huu tunaouona angani

Swali lenu la wiki lilikuwa: kwa nini Krismasi ina tarehe yake ilhali Pasaka inahamahama, na nani huipanga?

Jibu fupi wengi wanalo: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi (siku ambayo kanuni inahesabu usiku na mchana kulingana) au baada ya hapo. Ndiyo maana haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili.

Asili yake ni Pasaka ya Wayahudi, tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, wakati mwezi wa angani umejaa. Injili zinaweka kifo cha Yesu katika siku hizohizo. Karne ya 2, Wakristo wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo) waliadhimisha tarehe 14 yenyewe, iwe Jumanne iwe Ijumaa. Roma wakang'ang'ania Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna, alifunga safari hadi Roma kuzungumza na Papa Aniseto. Hawakuafikiana, lakini waliagana kwa amani. (Wanaotusambazia kila mwaka ujumbe kwamba Pasaka ni ya kipagani wasome hapa: ugomvi mzima ulihusu kalenda ya Kiyahudi.) Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaamua wote waadhimishe siku moja. Hesabu zikategemea sana Aleksandria, hapa hapa Afrika, ambako askofu alituma barua kila mwaka kutangaza tarehe.

Sasa, mwezi wenyewe. Ndugu zetu Waislamu hutoka nje kutazama mwezi ukiandama. Sisi tunafungua jedwali lililopigiwa hesabu karne nyingi zilizopita. Mwaka 2019 vitu hivyo viwili viligongana. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, usiku na mchana vililingana muda mfupi baada ya saa sita usiku kuamkia Alhamisi, 21 Machi, na kabla hakujapambazuka mwezi ukawa umejaa. Kwa kufuata anga, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Lakini jedwali lilisema mwezi ulijaa tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, basi tukasubiri mwezi mwingine mzima: tukasherehekea 21 Aprili.

Waorthodoksi, wakiwamo wa Kenya, Uganda na Ethiopia, bado wanapiga hesabu kwa kalenda ya Juliasi, ile ya zamani ya Kirumi, ambayo 21 Machi yake ni 3 Aprili yetu. Mwaka 2025 tuliangukia pamoja, 20 Aprili. Mwaka 2027 sisi ni 28 Machi, wao 2 Mei.

Kuhusu mayai ya rangi, hayana siri kubwa. Zamani huko Ulaya mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, na kwa kuwa kuku hawafungi, yalirundikana mpaka sikukuu. Kwetu hayakushika sana, pilau imeshika.

Nani huipanga, basi? Hakuna anayekaa kikao kila mwaka, kanuni inajiendesha. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema haupingi Pasaka kuwekwa kwenye Jumapili moja maalumu, mradi Wakristo wengine wakubali. Hadi leo hawajakubaliana, na mimi binafsi sina haraka: Pasaka ikitengana na mwezi, itakuwa imetengana na Nisani pia.