Re: Baba hataki nisome Jinsia na Maendeleo

Mdogo wangu wa Newala nimekuelewa, umemaliza form six, unaitaka digrii ya Jinsia na Maendeleo ila mzee anasema huko mnafundishwa kugombana na waume. Sio hivyo kabisa.

Mnasoma historia, kina Bibi Titi Mohamed na chama cha TANU kwenye kupigania uhuru, mnasoma sheria, mfano Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, Mahakama Kuu ikasema 2016 inavunja katiba, rufaa ikagonga mwamba 2019. Kuna utafiti na takwimu pia, kwahiyo hesabu usizikimbie. Mpe mzee mfano wa nyumbani: mama anaokota korosho msimu mzima, ila AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kasajiliwa baba na hela inaingia akaunti ya baba. Nani anaamua matumizi? Ndo mnachosomea hicho, na ataelewa tu, korosho anazijua.

Ajira sio mteremko lakini, wengi wanaishia maendeleo ya jamii halmashauri au NGO, na wanasota kwanza. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni Dar, wanayo kozi hiyo. Vigezo angalia mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), mkopo ni HESLB (Bodi ya Mikopo), na usimpe wakala yeyote hela. Mzee akikaza mtafute mwalimu wako wa taaluma aongee nae.