Faili la biti 24, albamu ya 1969: je, nimepigwa?

SWALI: Ndugu mhandisi, shikamoo. Nina CD ya In the Court of the Crimson King ya bendi ya King Crimson niliyoachiwa na mjomba, ya zamani sana. Juzi nimenunua mafaili ya albamu hiyohiyo, toleo lililochanganywa upya mwaka 2009, biti 24 kwa 96 kHz. Kwanza, wimbo wa nne, Moonchild, umepungua dakika tatu hivi. Pili, sauti ya mwimbaji kwenye wimbo wa kwanza bado inakwaruza. Tatu, ngoma zimekuwa safi kuliko za CD, ila nikisikilizia hedifoni za Bluetooth siamini kama napata hizo biti 24. Nimepigwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hujapigwa, ila kilichokusafishia ngoma si biti (usahihi wa kila kipimo cha sauti) wala kHz (maelfu ya vipimo hivyo kwa sekunde). Nianze na hayo mawili ya kwanza maana ni mepesi.

Moonchild ni fupi kwa makusudi. Baada ya dakika mbili na nusu za kuimba, wanamuziki wanabaki wakitafutana kwa sauti za chini mno, na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi, na Steven Wilson, mwanamuziki na fundi sauti, walipoichanganya upya (yaani kupanga upya sauti za vyombo kutoka mikanda ya kurekodi) mwaka 2009 waliipunguza sehemu hiyo. Wimbo wa dakika 12 ukawa wa 9. CD ya toleo lile ilibeba pia wimbo mzima kama nyongeza, kwa hiyo angalia mwisho wa folda yako. Binafsi naona ule mrefu una subira ambayo mkasi umeiua, lakini si kila mtu atakubaliana nami. Sauti ya Greg Lake kwenye 21st Century Schizoid Man nayo ilikwaruzwa studio kwa kukusudia. Hakuna faili litakaloinyoosha, na likinyooshwa wimbo umekwisha.

Sasa ngoma. Albamu hii ilirekodiwa studio ya Wessex, London, kiangazi cha 1969, kwa mashine ya njia 8, yaani mkanda wenye mistari minane inayorekodi sauti kila mmoja peke yake. Njia 8 ni chache kwa bendi yenye Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha mkanda wa sumaku. Ian McDonald wa bendi hiyo alizirundika sauti za chombo hicho tabaka juu ya tabaka. Njia zikijaa, fundi huziunganisha kadhaa kuwa moja kwenye mkanda mwingine ili apate nafasi, na kila uhamisho huongeza mvumo na kula ukali wa sauti. Kilichounganishwa hivyo hakitenganishiki tena.

Juu ya hapo kukawa na mkosi. Mashine iliyopokea mchanganyo wa mwisho wa stereo ilikuwa na hedi (sehemu inayoandika sauti kwenye mkanda) zisizokaa sawa. Hedi ya kurekodi lazima isimame wima kabisa dhidi ya mwendo wa mkanda. Ikiinama hata kidogo, sauti za juu, yaani matoazi, sinia za ngoma na pumzi ya mwimbaji, hupungua. Kwa ajili ya toleo la Marekani la kampuni ya Atlantic ikatengenezwa nakala ya kujaribu kurekebisha kasoro hiyo, na nakala hiyo, ambayo tayari ni kizazi cha pili, ndiyo iliyozaa nakala nyingine za santuri, kaseti na CD kwa miongo. Mkanda wa kwanza wenyewe ulikuwa umehifadhiwa mahali ukasahauliwa, ukapatikana mwaka 2003. Kwa hiyo CD ya mjomba, kama kweli ni ya zamani hivyo, ni nakala ya nakala.

Wilson hakuushughulikia mkanda wa stereo kabisa. Alirudi kwenye mikanda ya vikao vya kurekodi, ikiwemo ile ya kabla ya njia kuunganishwa, akailinganisha kwenye kompyuta kisha akachanganya upya chini ya usimamizi wa Fripp. Hedi mbovu imerukwa, na uhamisho mwingi umerukwa. Ngoma za Michael Giles unazozisikia leo zimetoka karibu zaidi na pale zilipopigwa. Hiyo ndiyo pesa yako ilipokwenda.

Na namba? Kila biti huongeza takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 16 za CD zinatoa kama 96, biti 24 kinadharia 144. Mkanda wa enzi zile, kuanzia mvumo wake hadi pale sauti inapoanza kupasuka, ulikuwa na desibeli 60 hadi 70. Hata kwenye ule utulivu wa Moonchild, mvumo wa mkanda unafunika mvumo wa CD. Upande wa kHz, CD ya 44.1 inabeba sauti hadi nusu yake, 22, na sikio la kijana hukoma kwenye 20. Sisi wenye mvi hata 16 hatuzioni.

Wapo watakaobisha. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji hawakuweza kutambua sauti bora inapopitishwa kwenye kiwango cha CD. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya majaribio mengi pamoja akapata kwamba watu hupatia kidogo zaidi ya kubahatisha, asilimia 52.3. Basi tofauti ikiwepo, ni ya kuitafutia tochi. Studio ni habari nyingine: kule biti 24 ni lazima, kwa sababu sauti inakuzwa, inapunguzwa na kuchanganywa mara nyingi, na makosa hujilimbikiza.

Jaribu mwenyewe. Chukua faili lako, ligeuze kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, liwe biti 16 na 44.1, kisha mtu mwingine akupigie moja baada ya jingine bila kukwambia ni lipi. Usilinganishe na CD ya mjomba, kwa sababu huo ni mchanganyo mwingine. Na hakikisha ukubwa wa sauti ni uleule: nusu desibeli tu ikizidi, sikio litasema hiyo ndiyo nzuri.

Kuhusu Bluetooth, shaka yako ni ya haki. Faili lako linadai biti milioni 4.6 kila sekunde kabla ya kubanwa. SBC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth ambayo kila hedifoni inaielewa, kwa kawaida haivuki 328,000, na hata LDAC, njia nyingine yenye uwezo zaidi, inaishia 990,000. Simu nyingi za Android pia hugeuza kila kitu kuwa 48 kHz kabla ya kukitoa. Ukitaka faili lifike zima, tumia DAC ndogo ya USB (kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa sauti) yenye hedifoni za waya, pamoja na programu ya muziki inayoruhusiwa kuukwepa ugeuzaji huo wa simu.

Mara nyingine ukitaka kununua, soma kwanza mwaka wa mchanganyo na mkanda uliotumika. Mchanganyo huuhuu wa 2009 ukiupata kwa kiwango cha CD kwa bei nafuu, chukua huo. Albamu ya dakika 44, urefu wa ile ya 1969, haitafika hata MB 470 bila kubanwa, wakati ya 24/96 inavuka GB 1.5. Bando lako nalo litashukuru.