Wanafunzi hawaji kwenye utafiti wangu. Niwape alama?

SWALI: Nasoma uzamili wa saikolojia hapa Kampala. Nafanya jaribio la kumbukumbu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, makundi mawili, na hesabu inanitaka washiriki 64 kila kundi. Mpaka sasa nimepata 19 tu. Wengine hujiandikisha wasitokee. Mhadhiri mmoja yuko tayari kuwapa watakaoshiriki alama za ziada katika somo lake. Nikubali?

JIBU: Usikubali, dada yangu, walau si kwa namna hiyo. Anayetoa alama ndiye atakayesahihisha mtihani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atamkatalia vipi? Marekani vyuo vingi vinatoa alama kwa ushiriki, lakini asiyetaka kushiriki hupewa kazi mbadala ya muda na uzito uleule, tuseme kusoma makala fupi na kuandika muhtasari. Bila kazi hiyo, hiari inabaki kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wachanga hulisahau: tangazo, nauli, zawadi na alama ni sehemu ya andiko lililopitishwa na kamati ya maadili. Ukitaka kubadilisha kimojawapo, peleka ombi la marekebisho, usubiri kibali ndipo uendelee. Usianze huku ukisema utawaarifu baadaye.

Hiyo 64 usiiguse. Ndiyo inayohitajika kwa athari ya ukubwa wa kati (d = 0.5, d ikiwa kipimo cha tofauti kati ya makundi), uwezo wa takwimu wa 80% (nafasi ya kuigundua tofauti hiyo kama ipo) na kiwango cha 0.05 (hatari ya 5% ya kuona tofauti isiyokuwepo). Ukiishia 30 kila kundi kwa sababu umechoka, utapata matokeo yasiyosema ndiyo wala hapana.

Mimi naona tatizo lako liko kwenye tangazo na ratiba. "Shiriki utafiti muhimu wa saikolojia" haimwambii mtu kitu, na wapo wanaodhani watapimwa akili au siri zao zitamfikia mhadhiri. Andika hivi: "Dakika 25. Utasoma maneno kwenye kompyuta, kisha utaulizwa unayoyakumbuka. Hatuulizi habari za familia wala afya. Jina lako haliandikwi kwenye majibu. Unaweza kuacha wakati wowote." Kamati ikishalipitisha, kiongozi wa darasa aliweke kwenye kundi la WhatsApp, si mhadhiri. Toa nafasi katikati ya vipindi, epuka Ijumaa alasiri na wiki za mitihani ya darasani. Jioni ya kuamkia siku yenyewe tuma ujumbe wenye jina la jengo na namba ya chumba, na asubuhi utume tena. Wengi wasiotokea wamesahau tu.

Ukiweza, rudisha nauli ya boda au teksi, na umpe hata atakayeacha katikati. Malipo makubwa yanayomfanya mtu afumbie macho asichokipenda, kamati itayakataa, na kwa haki. Wenye miaka 17 nao wapo mwaka wa kwanza. Amua mapema na kamati utafanyaje kuhusu ridhaa ya mzazi.

Usiwachukue wanafunzi wa saikolojia peke yao, maana hubahatisha nadharia yako kabla hujamaliza maelezo. Nenda kwa wa uhandisi na kilimo. Ukisimama mbele yao, waambie kwamba mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuchunguza uhusiano wa mama na mtoto katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, 1954 hadi 1955, na kwamba hata hivyo sehemu kubwa ya saikolojia ya vitabuni imejengwa juu ya wanafunzi wa Magharibi. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake walilisema hilo waziwazi mwaka 2010. Nimeona darasa likiamka kwa habari hii kuliko kwa ahadi ya soda.

Kuhusu wale 19: wabakishe, ila andika tarehe ya kila mshiriki kwenye data, na uendelee kuwagawa wapya kwa nasibu (kama kwa kurusha sarafu) katika makundi yote mawili mpaka mwisho. Wanaojitokeza mwanzo wa muhula huwa tofauti na wa mwishoni. Na nauli ikipitishwa, iulize kamati kama hao wa mwanzo nao wapewe.